Madai Saba Dhidi ya Vijana Wanaosoma Marx

Hoja za wanaowapinga umezisikia. Zimetolewa katika mabaraza ya chifu, kwenye mimbari, katika vipindi vya asubuhi vya redio na kwenye mazishi, pale ambapo mwanasiasa wa Kenya huzungumza bila kuulizwa swali. Wanasema vijana wanaharakati wanaokutana kusoma nadharia ya Marx, wawe wa Mathare, wa Eldoret au wa huku kwetu Kaptagat, wanapotoshwa. Nimezisikiliza hoja hizo kwa makini na nimezipanga ziwe saba. Nitaieleza kila moja kwa nguvu zake zote, kama mwenyewe angependa ielezwe, kisha nitaonyesha inapovunjikia. Wewe msomaji ndiwe hakimu. Ninakuomba jambo moja tu: hoja usiipime kwa cheo cha msemaji, ipime kwa ushahidi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kijana anayeingia katika harakati bila kuielewa jamii yake hutumiwa na wanaoielewa. Atatoa jasho, pengine na damu, kisha ushindi wake utachukuliwa na mtu aliyekuwa akisubiri pembeni. Kusoma pamoja, kwa utaratibu na kwa kubishana, ndiko kunakomwezesha kuumiliki ushindi wake mwenyewe. Hilo ndilo nitakalolithibitisha.

Dai la kwanza ni la ugeni. Marx, wanasema, alizaliwa Trier, Ujerumani, mwaka 1818, akaandika juu ya viwanda vya Uingereza. Kaptagat ni msitu, viazi, ng'ombe wa maziwa na wakimbiaji. Mtu huyo atatufundisha nini? Hoja hii ina msingi wake, kwani nadharia iliyozaliwa kwingine haina budi kupimwa upya kila inapofika. Lakini wanaoitoa hawatumii kipimo hicho kwa kitu kingine chochote. Hatimiliki ambazo watu wa Uasin Gishu wanapelekana nazo mahakamani hazikutungwa na wazee wa Kikalenjin. Makaburu walifika kwenye uwanda huu mwaka 1908 wakagawiwa ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Reli ikafika Eldoret mwaka 1924 kuyachukua mazao yao. Ubepari ndio uliotangulia kufika hapa, na Marx alifuata nyuma akiuchunguza. Ukikataza uchunguzi kwa kuwa ni wa kigeni, huku ukikikubali kinachochunguzwa ingawa nacho ni cha kigeni, hujatetea mila ya mtu yeyote. Umetetea mali ya watu fulani. Adam Smith alikuwa Mskoti na anafundishwa katika vyuo vyetu vikuu bila mtu kulalamika. Shirika la Fedha la Kimataifa lina makao yake Washington, na bado masharti yake yameingia mara nyingi katika bajeti ya Nairobi. Basi ugeni siyo kosa wanalolishtaki.

Dai la pili ni zito zaidi, kwa sababu limewahi kuwa sera rasmi. Linasema Afrika haina matabaka. Jamii ya jadi ilisaidiana, ardhi ilikuwa ya ukoo, kwa hiyo kuzungumzia mapambano ya kitabaka ni kupanda ugomvi usiokuwapo. Ndivyo ulivyoshikilia Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliokusudiwa kueleza ujamaa wa Kiafrika nchini Kenya na ambao unahusishwa sana na Tom Mboya. Usome waraka huo hadi mwisho. Waraka uleule unaotangaza kwamba matabaka makali ya Ulaya hayana mfano Afrika ndio unaoelekeza fedha za maendeleo ziende kwenye maeneo yatakayoleta faida kubwa zaidi: yenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Mwaka 1965 maeneo hayo yalikuwa yapi? Yalikuwa yaleyale ambayo mkoloni alikuwa amewatengea walowezi na kuyapelekea reli. Uasin Gishu ilikuwa mojawapo, lakini kuishi juu ya ardhi nzuri na kuimiliki ni mambo mawili tofauti, kama anavyojua kila kibarua aliyezeekea katika shamba la mwingine. Waraka ulikana matabaka katika kurasa za mwanzo, ukayalea katika kurasa zilizofuata.

Na kama matabaka hayakuwapo, shule iliyoyafundisha ilifungwa kwa nini? Taasisi ya Lumumba ilifunguliwa nje kidogo ya Nairobi Desemba 1964 ili kuwafunza makada wa chama cha KANU, Bildad Kaggia akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka uliofuata ikafungwa. Serikali iliyokuwa na uhakika na hoja zake ingewaacha wanafunzi wale wasome, kisha iwashinde kwa mjadala.

Lakini shahidi mkubwa dhidi ya dai hili ni wanaolitoa wenyewe. Ushindi wa urais wa mwaka 2022 ulipatikana kwa kampeni ya mahasla dhidi ya familia tawala, kwa ishara ya wilibaro na ahadi ya uchumi wa kutoka chini kwenda juu. Mgombea, William Ruto, alikuwa jirani yetu, mtu wa Uasin Gishu. Kwa miaka kadhaa wananchi waliambiwa Kenya imegawanyika kati ya wachache waliorithi kila kitu na wengi wanaohangaika. Hilo ni dai la kitabaka, likitamkwa na watu wanaosema matabaka ni uongo wa Marx. Tofauti iko hapa: kampeni ilikomea kwenye hisia, ilhali kikundi cha masomo kinaendelea kuuliza. Wilibaro ni ya nani? Mchanga unaobebwa ni wa nani? Jengo likikamilika, kodi ya nyumba inaingia mfuko gani? Na je, mwenye hoteli, mashamba na makampuni anaweza kuwa hasla pamoja na anayesukuma wilibaro? Aliyejifunza kuuliza hivyo mwaka 2022 hakushangaa mwaka 2023, Sheria ya Fedha ilipopandisha kodi ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, mzigo ambao mwendesha bodaboda huubeba kila siku kituoni. Ambaye hakujifunza alihisi amesalitiwa na mtu. Aliyejifunza alielewa kwamba ni tabaka lililokuwa likilinda maslahi yake.

Dai la tatu ndilo linaloaminiwa zaidi huku Bonde la Ufa. Linasema, sawa, huenda matabaka yapo, lakini kinachotugawa kwa kweli ni kabila na ardhi. Marx hakujua lolote kuhusu hilo. Sitalidharau dai hili, kwa sababu lina makaburi. Mnamo 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza machafuko yale ya baada ya uchaguzi, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na watu zaidi ya nusu milioni walihama makwao. Hakuna nadharia inayostahili kusomwa Eldoret ikiwa itapita kando ya tukio hilo.

Basi tulitazame bila kupita kando. Waliokufa walikuwa nani? Waliochoma walikuwa nani? Katika pande zote mbili walikuwa hasa watu wa kawaida: wenye vishamba, vibarua, vijana wasio na ajira. Na waliofaidika? Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta na William Ruto, walioshtakiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kutoka pande mbili zinazopingana za mzozo ule, waligombea kwa tiketi moja wakaunda serikali. Kesi zao baadaye hazikuendelea, ya Kenyatta ikiondolewa Desemba 2014 na ya Ruto ikisitishwa Aprili 2016, nami sidai kwamba yeyote kati yao ana hatia. Ninachodai ni kile ambacho kila mtu alikiona: walio juu walipatana kwa muda wa mkutano mmoja wa hadhara, ilhali majirani wa Kiambaa walibaki na makovu. Kabila lingekuwa ndilo mzizi wa kila kitu, mapatano yale ya juu yasingewezekana. Yaliwezekana kwa sababu huko juu kuna maslahi yanayowaunganisha kuliko lugha ya mama inavyowatenganisha. Marx hakuandika juu ya Wakalenjin na Wakikuyu, ni kweli. Lakini swali lake, nani anafaidi watu wa chini wanapopigana wao kwa wao, ndilo swali ambalo lingeulizwa Eldoret mwaka 2007 huenda kijana mmoja angeliweka chini rungu lake. Anayesema ukabila ndio tatizo letu kubwa ndiye hasa anayepaswa kuvitetea vikundi hivi, kwa kuwa ni miongoni mwa mahali pachache ambapo vijana wa makabila mbalimbali hukaa meza moja kuchunguza ni nini kinachowagombanisha.

Dai la nne: vikundi hivi ni shule za fujo. Wanaanza na kitabu, wanamaliza na mawe. Wanaotoa dai hili wana historia ya kutaja, nami nitaitaja kwa niaba yao. Mwakenya, yaani Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, ulitokana na vikundi vya siri vya masomo vya miaka ya 1970, na baadhi ya wanachama wake walizungumzia mapambano ya silaha. Nakubali. Sasa tazama mpangilio wa matukio. Mwanzoni mwa 1982 polisi walilibomoa jukwaa la maonyesho la Kamiriithu, ambako wakulima na wafanyakazi walikuwa wakijifunza na kuigiza maisha yao hadharani. Juni mwaka huohuo Bunge liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba. Mwezi huohuo wahadhiri walikamatwa, wakiwamo Willy Mutunga na mwanahistoria Maina wa Kinyatti, ambaye alifungwa miaka sita kwa shtaka la kupatikana na chapisho la uchochezi. Jaribio la mapinduzi lilikuja Agosti, baada ya hayo, nalo lilifanywa na askari wa Jeshi la Anga waliokuwa na bunduki za serikali. Milango ya mjadala wa wazi ilifungwa kwanza, usiri ukafuata. Aliyefunga milango hawezi kuutumia usiri kama sababu ya kuifunga.

Swali la nani alitumia fujo nalo lina majibu yaliyorekodiwa. Katika vyumba vya chini vya Nyayo House wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi waliteswa, wengine kwa kufungiwa katika vyumba vilivyojazwa maji, na mahakama za Kenya zimekwisha kuamuru baadhi yao walipwe fidia. Huko ndiko kulikuwa na fujo, na wenye fujo hawakuwa waliobeba vitabu. Kisha mfikirie Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana hapa Eldoret. Hakuwa mfuasi wa Marx. Alihubiri Injili na kukemea unyakuzi wa ardhi na ufisadi. Agosti 1990 waziri mmoja alimwonya hadharani asikanyage Busia. Akaenda, na njiani akirudi, tarehe 14, akafa katika ajali ambayo maswali yake hayajaisha hadi leo. Ikiwa askofu alitishiwa kwa kuuliza maswali yaleyale, basi hofu ya wakubwa haikuwa Marx. Ilikuwa maswali. Na Mutunga, aliyehesabiwa mchochezi mwaka 1982, akawa Jaji Mkuu wa Jamhuri mwaka 2011 chini ya katiba inayolinda, katika ibara za 33, 36 na 37, uhuru wa kutafuta na kutoa maarifa, wa kujumuika na wa kukutana kwa amani. Waliopinga kusoma kwake wanaishi leo chini ya haki alizozidai.

Dai la tano: ukomunisti umejaribiwa ukashindwa. Umoja wa Kisovieti ulivunjika mwaka 1991. Vijiji vya ujamaa Tanzania viliwahamisha watu kwa nguvu katika miaka ya 1970. Nchini Ethiopia, wanafunzi waliokuwa wakisoma vitabu vilevile katika vikundi vilevile waligawanyika vyama, wakauana wao kwa wao na kuuawa na utawala wa kijeshi wa Derg katika Ugaidi Mwekundu. Hili ndilo dai lao lenye ushahidi mwingi kuliko yote, na mwanaharakati anayelikwepa hastahili kumfundisha mtu. Lakini chunguza linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba serikali zilizojiita za kijamaa zinaweza kukandamiza. Halithibitishi kwamba vijana wasisome, na ushahidi wa Dar es Salaam unaelekea upande wa pili kabisa.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliunda USARF, jumuiya ya wanamapinduzi wa Afrika. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, Walter Rodney akiwa miongoni mwa walimu wao, na walichapa jarida lililoitwa Cheche. Mwaka 1970 Issa Shivji aliandika humo insha ndefu akionyesha kwamba utaifishaji wa Azimio la Arusha haukuondoa unyonyaji. Tabaka jipya la maofisa lilikuwa likikalia viti vilivyoachwa. Mwaka huohuo serikali iliyojiita ya kijamaa iliifunga USARF na jarida lake. Tafakari maana yake. Onyo la mapema juu ya kasoro za ujamaa wa Tanzania lilitoka katika kikundi cha masomo ya Kimarx, miaka kadhaa kabla ya watu kuhamishwa kwa lazima vijijini, na waliolinyamazisha ni watawala. Anayetumia makosa ya Ujamaa kutaka vikundi vya kusoma vifungwe anachukua upande wa aliyezima king'ora, kisha analalamika nyumba kuungua.

Watasema: na Museveni je? Naye alikuwa mwenyekiti wa USARF, na ameitawala Uganda tangu 1986. Ni kweli, na mfano huo ufundishwe katika kila kikundi. Unaonyesha kwamba kusoma hakumfanyi mtu mmoja kuwa mwema. Ndiyo maana tunahitaji wasomaji wengi wanaoweza kumkosoa kiongozi kwa hoja zake mwenyewe, badala ya mmoja aliyesoma na umati unaomshangilia. Na kama kushindwa kwa sera kunatosha kuifuta elimu, basi kipimo hicho kitumike pande zote. Mageuzi ya soko huria tuliyolazimishwa na wakopeshaji katika miaka ya 1980 na 1990 yalifungulia mitumba milango, na viwanda vya nguo vikaporomoka. Rivatex, iliyowaajiri watu wengi wa Eldoret, ilifilisika hadi Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Sijamsikia mtu akidai vitivo vya uchumi vifungwe.

Dai la sita ni jipya na linapendeza masikioni. Linasema vijana wa Juni 2024 walithibitisha kwamba nadharia haihitajiki: bila kiongozi, bila chama, bila kabila, walimlazimisha rais kuuondoa Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni. Tarehe 26 mswada ukaondolewa. Ujasiri wao siupunguzi hata chembe. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya miezi ile, na kila mmoja wao alikuwa na mama. Lakini tukumbuke walianzaje. Walianza kwa kusoma. Mswada uliokusudiwa kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi ulichambuliwa kifungu kwa kifungu katika mijadala ya mitandaoni, ukaelezwa kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za mama, mpaka mama mboga akajua ni kodi ipi ingegusa bidhaa gani. Hicho kilikuwa kikundi cha masomo chenye maelfu ya wanafunzi. Juni 2024 ni shahidi wetu.

Kisha tukumbuke yaliyofuata. Julai baraza la mawaziri lilivunjwa, watu wakashangilia. Mwezi Agosti viongozi wa upinzani waliapishwa kuwa mawaziri, John Mbadi akikabidhiwa Hazina. Desemba Sheria ya Marekebisho ya Kodi ilitiwa saini, ikirudisha baadhi ya mambo yaliyokataliwa Juni. Vijana walikuwa wameusoma mswada, lakini wengi walikuwa hawajasoma deni, ambalo wakati ule lilizidi shilingi trilioni 10, wala hawajasoma jinsi vyama vya matajiri vinavyogawana viti vinapotishwa kutoka chini. Walijua wanachokataa, hawakuwa wamejiandaa kwa siku baada ya kukataa. Hapa Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge alijifua kabla ya kukimbia masafa ya marathoni Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40, hakuna kocha anayeamini kwamba kipaji kinatosha bila ratiba ya mazoezi ya miezi mingi. Kwa nini tuamini kwamba harakati za taifa zima zitashinda kwa msisimko wa wiki mbili?

Dai la saba ni la huruma. Vijana wanataka kazi. Kuwaletea vitabu vigumu vya Kiingereza ni kuwapotezea muda, na mwishowe watakariri maneno ya walimu wao kama kasuku. Nalikubali nusu. Vipo vikundi vilivyogeuka madhehebu, ambamo mtu hupimwa kwa wingi wa misamiati, wanawake hupewa kazi ya chai, na anayeuliza swali la pili huitwa msaliti. Vikundi hivyo vivunjwe na wanachama wake wenyewe. Lakini kosa la ufundishaji hurekebishwa kwa ufundishaji bora. Na lugha si kizuizi. Makhan Singh, aliyejenga vyama vya wafanyakazi Nairobi tangu miaka ya 1930, alichapa vipeperushi kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na wafanyakazi wa reli na wa karakana walivielewa vizuri sana. Serikali ya kikoloni nayo ilielewa kwamba wameelewa. Ilimzuilia tangu 1950 hadi 1961.

Kikundi kizuri hufanyaje kazi? Chukua gunia la viazi, zao linalojulikana katika kila nyumba huku. Kwenye karatasi ya manila vijana wanaandika safari yake: mbegu, mbolea, dawa, palizi, kuvuna, kushona gunia, dalali, lori, soko, kibanda cha chipsi mjini. Mbele ya kila hatua wanaandika majibu ya maswali manne: nani anafanya kazi, nani anamiliki, nani anapanga bei, nani anabaki na nini. Wanafika kwenye lumbesi, lile gunia lililofungwa kilemba mpaka likapita kiasi, ingawa kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka lisizidi kilo 50. Mkulima analipwa gunia moja, kilemba kinakwenda bure. Hapo ndipo aya ya Marx juu ya thamani ya ziada inaposomwa kwa Kiswahili, mmoja akisoma, wa pili akieleza kwa maneno yake, na wa tatu akiwa na jukumu la kuipinga.

Na upinzani huja wenyewe. Kijana mmoja husema mkulima ananyonywa na dalali. Mwenzake, ambaye alilipwa kwa siku kuvuna shamba la mkulima huyohuyo, huuliza: na mimi aliyenilipa kidogo ni nani? Ukumbi unanyamaza, kisha unawaka. Je, mkulima mdogo ni mnyonywaji au mnyonyaji? Anaweza kuwa vyote viwili? Kambi za mbio nazo huingia: anayelipwa ni anayeshinda, wakala huchukua sehemu yake kwa mshindi, na gharama za miaka ya waliojaribu wasifike hubebwa na familia zao. Hapo hakuna anayekariri. Wanafikiri, tena kwa ukali kuliko walivyoruhusiwa kufikiri katika darasa lolote la mtihani. Na wanatoka na hatua za kuchukua: kuunda ushirika wa kupima na kuuza pamoja, kudai kanuni ya kilo 50 itekelezwe na kaunti, kukubaliana ujira wa siku wa vibarua. Anayetaka vijana wapate kipato angeanzia hapo hasa.

Sasa yaweke madai yote saba meza moja, msomaji, uone yanavyoshitakiana. La kwanza na la pili yanasema nadharia hii haihusu maisha yetu; la nne linasema itaipindua nchi. Kitu kisichotuhusu hakiwezi kuwa na nguvu hiyo. La tano linasema imekufa, ilhali wanaolitoa wametumia nusu karne kuizika tena na tena kwa kufunga taasisi, majarida, majukwaa na watu. La tatu linasema tatizo letu ni kabila, la sita linawasifu vijana kwa kuvuka kabila, na bado yote mawili yanakataza mafunzo yanayovuka kabila. La sita linasema vijana hawahitaji mwongozo, la saba linasema hawana uwezo wa kuuelewa. Shahidi anayebadilisha maelezo kila anapoulizwa haaminiwi katika mahakama yoyote, na huyu amebadilisha mara saba.

Jambo moja tu ndilo halibadiliki katika madai yote: hitimisho. Lolote liwalo, vijana wasisome. Hitimisho linalobaki palepale huku sababu zake zikipinduana halikutokana na sababu hizo. Lilitangulia, na kilicholitangulia ni maslahi. Kwa hiyo ninadai mambo mawili waziwazi. Kumbi za kijamii na maktaba za umma za kaunti zifunguliwe kwa vikundi hivi kama zinavyofunguliwa kwa vyama vya akiba na kwaya, bila chifu kuomba orodha ya majina. Na wanaoamini kwamba Marx amekosea waje Kaptagat, wachague aya wanayoichukia zaidi, waisome pamoja na vijana hadi mwisho na waikanushe mbele yao. Kiti kipo, na nafasi ya yule wa tatu, mwenye jukumu la kupinga, wataachiwa wao. Hoja ikishinda, vijana wataikubali, kwa sababu wamezoea kushindwa kwa hoja kila wiki. Wasichokubali tena ni kushindwa kwa amri.